Makoye, Aliyetupiga Tusiende Kwenye Yowe

Goti langu la kulia alilivunja Makoye Ng'wandu kwa rungu, asubuhi, mbele za watu, na mimi sikuwa nimemkosea chochote. Naanza na hilo ili msomaji ajue kwamba anayemsimulia mzee huyu si ndugu yake wala mpambe wake. Mimi naitwa Philomena, wengi wananiita Mama Juliana, fundi cherehani hapa Katoro. Zamani nilikanyaga cherehani kwa mguu huo. Sasa nimefunga mota, na umeme ukikatika nakaa kibarazani nahesabu pikipiki. Makoye nimemtukana matusi yote ninayoyajua. Yalipoisha nikabaki na habari zake moyoni, na hazikai kimya.

Alihamia mtaani kwetu kutoka kijiji kimoja cha upande wa Ushirombo, na sifa zake zilifika kabla ya godoro lake. Miaka kumi na mmoja alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na hakuwa kamanda wa kupiga filimbi tu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto alikatwa na mwizi wa ng'ombe kwa panga, na inasemekana mwizi huyo alifika kituo cha polisi akiwa hajui jina la mama yake. Wezi wengine aliwachapa mpaka wakakiri hata ng'ombe ambao hawakuwaiba. Yeye mwenyewe aliyasimulia haya bila kujisifu na bila kujuta, kana kwamba anaeleza jinsi ya kulima mpunga.

Kitu alichokishika kuliko vyote ni yowe. Wasukuma wanaliita mwano. Ukilisikia huulizi kuna nini, unashika kilicho karibu, jembe au mchi, unakimbilia kule sauti inakotoka. Maswali utauliza ukishafika. Asiyekwenda ni mshirika wa mwizi, hakuna mjadala. Makoye aliwahi kumchapa jirani yake viboko kumi na viwili kwa kuchelewa kwenye mwano, na sababu ya kuchelewa ni kwamba mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto akazaliwa jioni hiyo, baba yake amelala kifudifudi kwenye mkeka, hawezi hata kugeuka amwone.

Sasa mtu wa namna hiyo anafanya nini mjini? Alimfuata mwanawe wa pekee, Abel. Abel alikuwa ameshuka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, miaka mitatu, akapanda na kikohozi na hana hata gramu moja. Akaacha, akawa mpakizi wa mizigo na mkokoteni wake. Baba na mama, Lusia, wakauza shamba la pamba wakaja kukaa karibu naye, chumba kimoja nyuma ya bucha. Makoye akapata kazi ya ulinzi kwenye stoo ya tajiri mmoja, Davis, iliyokuwa inatazamana na kibaraza changu. Hatua kumi na sita, nimezipima.

Stoo yenyewe lilikuwa ghala la zamani la pamba, kuta za tofali na mlango wa chuma wa mbawa mbili. Pamba ilipokufa, Davis akalipanga akajaza dawa. Hapa kwetu ukisikia dawa usidhani ni ya malaria. Ni sayanaidi, vidonge vyeupe vinene vinavyokuja kwenye mapipa ya chuma, wanayonunua wenye mitambo ya kuchenjua marudio, yaani ule mchanga ulioshaoshwa mara moja ukabakiza dhahabu. Na ni tindikali, kwenye madumu ya plastiki. Mteja akija anataka vyote, kwa hiyo Davis aliviweka ukuta mmoja, madumu juu ya rafu ya mbao na mapipa chini yake, ili wapakizi wasizunguke. Pipa moja siku zote lilikuwa wazi, wakipima kilo kilo kwenye mifuko. Upande wa kulia wa stoo kulikuwa na mama anayepika wali na samaki, kushoto nyumba ya wapangaji tisa, nyuma chekechea ya kanisa. Wote tulijua, na wote tulinyamaza. Mimi nilimshonea Davis turubai za kufunikia mzigo, akanilipa vizuri, na sikuuliza turubai zinafunika nini.

Wakaguzi wa serikali walikuja. Walipima, wakakunja nyuso, wakampa Davis barua: ndani ya siku thelathini dawa zitoke kwenye makazi ya watu, na wakati huohuo mfanyakazi mmoja aende mafunzo ya siku moja Geita. Barua aliiweka. Kwenye mafunzo alimpeleka mlinzi, kwa sababu mtunza stoo angeacha kazi siku nzima na mlinzi mchana analala tu.

Makoye alirudi kutoka Geita amebadilika. Alikaa kibarazani kwangu, akakataa chai. Akanieleza kwamba sayanaidi na tindikali hazilali chumba kimoja. Zikigusana zinatoa hewa ambayo huioni, na ukiivuta mara chache umekwisha. Hilo halikumtisha sana. Kilichomtoa usingizini ni jambo jingine aliloambiwa, kwamba ukimwona mwenzako ameanguka ndani usiingie kumtoa. Funga, ondoa watu, ita wenye vifaa vya kupumulia. Alikuwa amenyoosha mkono kama mtoto wa shule akamuuliza mwalimu, je, yowe likipigwa? Mwalimu, mtu wa pwani, akamuuliza yowe ni nini. Darasa likacheka.

"Mama Juliana," aliniambia, "wamenifundisha kuwa mtu mbaya."

Nikacheka na mimi. Leo sioni nilichekea nini.

Kuanzia hapo akawa kero. Alimwambia Davis atenganishe dawa. Davis akamjibu, mzee, hizi zimelala pamoja miaka minne na hazijagombana. Jumapili moja Makoye akayahamisha madumu yote peke yake mpaka kona ya pili. Jumatatu Davis akaamuru yarudishwe na akamwita mshamba. Makoye alimkunja shati shingoni, akambandika ukutani mpaka miguu ya tajiri ikaacha ardhi. Angefukuzwa siku hiyohiyo, ila vibaka wa Katoro walikuwa wanaiogopa ile stoo kwa ajili yake, na Davis alijua hesabu yake.

Na sisi pia aligombana nasi. Mapipa matupu ya sayanaidi tulikuwa tunayagombania, chuma kizuri, unaosha kwa majivu unawekea maji. Makoye akaanza kuyatoboa kwa sululu, moja baada ya jingine, mchana kweupe. Donatus mwenye bucha alikuwa ameahidiwa mawili. Alimwita roho mbaya, mchawi wa kizee, na nusu ya mtaa ikaitikia. Pipa langu pia alilitoboa, likiwa na maji, kibarazani kwangu. Nilimchukia kwa moyo wote.

Tuje Jumamosi ile ya Machi. Usiku kulikuwa na mvua na upepo, bati moja la stoo likang'oka upande wa nyuma. Zamu ya Makoye iliisha saa kumi na mbili, lakini alibaki amsubiri Davis amwonyeshe tundu. Saa tatu kasoro akaja George, mtunza stoo, na Abel na mkokoteni wake. Makoye akawaambia wasiingie mpaka tajiri afike, maji yameshaingia ndani. George, kijana mpole aliyeogopa kufokewa kuliko kufa, akasema mteja anasubiri, anaingia mara moja na kutoka. Akafungua kufuli, akafungua mbawa zote mbili.

Nilikuwa natia bitana kwenye koti. Nikasikia mbao zikivunjika, kisha plastiki ikipasuka. Rafu ilikuwa imeliwa na tindikali miaka yote ile, na maji ya mvua yakaimalizia. Madumu yakashukia pipa lililo wazi. Hayo tuliyajua baadaye. Mimi nilichoona ni George akija kuelekea mlangoni amenyoosha mikono mbele, kama mtu anayetafuta swichi gizani, akaanguka kifudifudi kabla ya kufika katikati.

"Abel, usiingie," Makoye alisema. Akarudia kwa Kisukuma.

Lakini Abel alilelewa na kamanda wa sungusungu. Kuambiwa usimwendee mtu aliyeanguka, tena na baba yake yuleyule, aliona ni kama hakusikia vizuri. Akauachia mkokoteni ukapinduka, akaingia mbio. Alimfikia George, akamshika makwapa, akamvuta hatua tatu. Kisha magoti yakamwisha nguvu, akakaa chini taratibu, akalala.

Na wakati huo ndipo Lusia alipokuwa amefika na chupa ya uji, kumletea mumewe aliyechelewa kurudi. Alimwona mwanawe akilala. Akaiachia chupa, akapiga mwano. Sijui nieleze vipi sauti ile kwa asiyeijua. Inaanzia chini na kupanda, na ukiisikia miguu inaondoka kabla yako. "Ng'wanone," alilia, mwanangu, na akauelekea mlango.

Makoye alimpiga rungu la mapaja. Mke aliyeishi naye miaka thelathini. Alianguka juu ya uji. Halafu Makoye akaziba mdomo na pua kwa koti, akazivuta zile mbawa mbili za chuma, akafunga kufuli, akautoa ufunguo akaurusha juu ya paa. Tuliusikia ukiteleza kwenye mabati.

Nilifika wa kwanza, mkasi mkononi. Aligeuka akasimama mgongo ukigusa mlango.

"Rudi, Mama Juliana."

"Baba Abel, mtoto yumo ndani."

"Najua aliyemo."

Nikainama nipite chini ya mkono wake nivute kufuli, akili ya wapi sijui, na hapo akalivunja goti langu. Nilisikia mfupa kabla ya maumivu. Nililala pale nikaona yote yaliyofuata kutoka chini, miguu na vumbi na damu.

Wakaja. Wapangaji wote tisa, mama wa wali na mwiko wake, madereva wa bodaboda, wanawake wa sokoni, wanaume waliokuwa bado na mswaki mdomoni. Mwano ukipigwa kwetu watu hawaji mmoja mmoja. Waliona mlango umefungwa, mama analia kwenye uji, na baba ameshika rungu. Mtu akauliza nani yumo. Lusia akasema Abel. Makoye akasema humo ndani kuna hewa inayoua, rudini nyuma, na akamchapa wa kwanza aliyesogea, akampasua paji la uso. Wa pili akamvunja kiwiko. Donatus alikuja na panga la bucha akamkata begani mpaka nyama ikafunguka nyeupe, na Makoye, damu ikimchirizika, akampiga mkono ule wa panga mara mbili, vidole vikalegea. Mzee wa miaka sitini na moja. Hakupiga ovyo. Alipiga mguu, mkono, kiwiko, kama alivyokuwa akipiga zamani wale aliotaka wafike polisi wakiwa hai.

Ndipo tukasikia teke.

Lilitoka ndani ya mlango, chini, usawa wa visigino vya Makoye. Kishindo cha kiatu kwenye chuma. Likaja la pili. Mimi nilikuwa chini, karibu, niliona mlango ukitikisika. Makoye alifumba macho. Hakusogea. Likaja la tatu, dogo kuliko yote, halafu hapakuwa na kitu.

Mwanamke mmoja akasema lile neno ambalo hapa kwenye dhahabu liko tayari kwenye kila ulimi. "Kafara. Amemtoa mwanawe kafara."

Mawe yakaanza. Moja lilimpata kichwani, jingine mdomoni, akatema jino. Jiwe moja liliingia jicho la kushoto na jicho likaondoka nalo. Alipiga goti moja chini, mgongo bado mlangoni, akawa anapeperusha rungu hewani bila kuona. Nataka niseme wazi kwamba nilifurahi. Goti langu lilikuwa limepinda upande usiopindika, na teke lile lilikuwa masikioni mwangu, nikatamani wamuue.

Aliyemwokoa hakukusudia. Bartholomeo, kamanda wa sungusungu wa mtaa wetu, mwanamume hodari na mwenye mwili, akaona mlango umeshindikana. Akazunguka nyuma akapanda ukuta mpaka pale bati lilipong'oka. Tulimwona juu ya paa, filimbi shingoni. Makoye naye akamwona kwa lile jicho lililobaki, akamwita kwa jina, akamsihi. Sauti ile haikuwa ya kamanda, ilikuwa ya mtu anayeomba. Bartholomeo akachungulia kwenye tundu. Akaingiza kichwa na mabega. Miguu yake ikatupa mateke hewani mara moja, ikalegea, na mwili mzima ukazama ndani kama gunia linaloachiwa.

Halafu watu waliokuwa upande wa nyuma wakaanza kuyumba, wakishika vichwa. Mmoja akatapika. Hewa ile ilikuwa inatokea kwenye tundu na upepo ukiisukuma kuelekea chekechea. Ilikuwa Jumamosi, chekechea haikuwa na watoto, na kila nikifika hapo nasimama kidogo kabla ya kuendelea.

"Kimbieni sokoni, upepo unakotoka," Makoye alisema. Hawakukimbia. Walikuwa wamepigwa na bumbuwazi. Akainuka, na sijui kwa nguvu gani, akatuswaga kwa rungu kama ng'ombe, akipiga migongo, akipiga matako, mwenye kuanguka akimwinua kwa ukosi. Mimi aliniburuta kwa nywele. Nilipiga kelele njia nzima. Lusia alimbeba begani, lile bega lililokatwa, naye akimng'ata shingo.

Tulipofika sokoni, kwenye hewa safi, watu walipata akili. Na akili waliyoipata ni ya kumpiga. Walimpiga kwa mbao za meza za nyanya, walimpiga kwa mateke, mbavu zilivunjika nne. Wengine walikwenda wakachoma chumba chake, godoro, nguo za Lusia, na cheti cha Geita kilichotundikwa ukutani. Polisi walimchukua wakidhani ni maiti.

Watu wenye vifaa vya kupumulia walitoka kwenye mgodi mkubwa, wakafika baada ya saa moja na nusu. Waliukata mlango. George alikuwa pale alipovutwa. Bartholomeo alikuwa chini ya tundu. Abel hakuwa pale tulipomwona akilala. Alikuwa mlangoni, amelala chali, nyayo zimeelekea chuma.

Yule mkuu wao alitueleza kwamba mtu aliyevuta hewa ile anatupa viungo bila kujijua, ni mwili tu, si mtu. Nikamuuliza, kama ni mwili tu, nani aliyemtambaza mpaka mlangoni? Akaniangalia, akasema hata angefunguliwa asingepona. Huenda ni kweli. Yeye ni mtaalamu na mimi ni fundi cherehani. Alisema pia kwamba mlango ungeachwa wazi na umati ule ukaingia, asingekuwa na magari ya kutosha. Hospitali waliandika majina ya wote tuliopelekwa kupimwa. Tulikuwa hamsini na saba, na wote tulirudi nyumbani, wengine na plasta, wengine kama mimi na vyuma.

Davis alikaa mahabusu siku mbili akatoka kwa dhamana. Kesi ipo. Stoo imeondolewa mtaani kwetu, hilo nalikubali. Ipo mtaa wa tatu kutoka hapa, nyuma ya duka la mbegu, na mlinzi wake ni mpya. Nimepita pale kwa magongo nikachungulia dirishani. Madumu yapo juu, mapipa yapo chini.

Makoye alipotoka hospitali, sungusungu waliitisha baraza. Kisheria hawana mamlaka hayo, na mwenyekiti wetu alikwepa kwa kwenda kwenye msiba ambao hakuna aliyeujua. Davis alileta viti na soda, akakaa mbele. Hakuna aliyemuuliza swali. Kosa lililosomwa lilikuwa moja, kuzuia mwano, na adhabu yake ni kutengwa: usisalimiwe, usipewe moto wala maji, usizikwe na watu, na atakayekaa nawe atengwe pamoja nawe.

Makoye alikaa chini, kwenye udongo, kitambaa juu ya tundu la jicho. Kaka wa Bartholomeo, aliyeongoza baraza, alikuwa na hasira na machozi. Wala hakumpa salamu anayostahili mtu mzima.

"Lile teke ulilisikia?"

"Nililisikia. Yote matatu."

"Ulijua ni mwanao?"

"Nilimnunulia viatu vile mimi."

"Basi mbona hukusogea?"

Makoye alituangalia kwa jicho moja, mtu mmoja mmoja, na alipofika kwangu niliangalia pembeni.

"Mlikuwa mmenizunguka wote," akasema. "Ningesogea, mngevunja mlango mkaingia."

Nilitegemea watu wanong'one, waulizane, hata mmoja aseme ni kweli. Mama wa wali alikuwa analia. Donatus alikuwa anatazama vidole vyake visivyokunjika. Lakini mtu anaweza kukubali amekosewa, anaweza hata kukubali amepigwa. Kukubali kwamba unapumua kwa sababu mzee fulani alisimama akisikiliza mwanawe akipiga teke, hilo lilikuwa zito kwetu, na kumtenga kulikuwa rahisi zaidi. Nasema kwetu, sijitoi.

Wakasema anayeafiki atengwe ainue mkono. Mikono ikapanda. Niliitazama nikamtambua kila mmoja kutoka kwenye orodha ya hospitali. Sikuona mkono wa mtu ambaye hakuwepo mlangoni asubuhi ile, isipokuwa wa Davis.

Lusia hakuinua wake. Tangu mazishi hakuwa amezungumza na mumewe hata neno moja, alikuwa analala kwa mama wa wali, na kila mtu alijua kwamba akimsikia Makoye akikohoa anatoka nje. Akauliza kama anaruhusiwa kusema.

"Yowe lilikuwa langu," akasema. "Mimi ndiye niliyewaita mje mfe."

Alisimama, akakaza kanga kiunoni, akavuka uwanja akichechemea mguu alioupiga Makoye, akaenda kukaa chini kwenye udongo kando yake. Hakumshika, hakumwangalia. Kaka wa Bartholomeo akamkumbusha kwamba atakayekaa naye anatengwa pamoja naye. Akajibu kwamba amesikia. Na mimi, niliyekuwa nimeketi kwenye kiti alicholeta Davis na mguu wangu wa vyuma umenyooka mbele, nilikuwa bado nimeinua mkono.